Windows 10 Imefika Mwisho: Upande Hadi 11, Uhamie Linux, au Ubaki Hapo Hapo?

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft haitoi tena masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta haikuzimika siku hiyo na wala haitazimika. Inawaka, inachapa na kuingia mtandaoni kama zamani. Tatizo ni kwamba tundu jipya likigunduliwa ndani ya mfumo, halizibwi. Tena Windows 11 inaendelea kuzibwa kila Jumanne ya pili ya mwezi, na kwa kuwa mifumo hii miwili ina sehemu nyingi zinazofanana, kila kiraka cha 11 kinawaonyesha wahalifu pa kuchungulia kwenye 10. Hatari inajilimbikiza mwezi hadi mwezi. Muda wa kuamua vizuri upo, wa kusahau haupo.

Uamuzi wenyewe unasimama juu ya mambo mawili: prosesa yako ni ya kizazi gani, na ni programu gani ambayo ikikosekana kazi yako inalala. Mengine, hata RAM, yanarekebishika kwa pesa ya wastani.

Anza na namba ya prosesa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Tafuta mstari wa "Processor". Kwa Intel, soma tarakimu zinazofuata i3, i5 au i7: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-7300U cha 7, i5-8350U cha 8, i5-10210U cha 10. Windows 11 inakubali kuanzia kizazi cha 8, ukiacha prosesa chache sana za kizazi cha 7. Kwa AMD Ryzen ni mfululizo wa 2000 kwenda juu, ila baadhi ya zile za laptopu za mfululizo huo zimeachwa nje, kwa hiyo usikisie: pakua programu ya bure ya Microsoft iitwayo PC Health Check ikupe jibu.

Wanaonunua laptopu za mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, wawe macho hapa. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, na G4 haivuki cha 7. Zote mbili hazimo. G5 nyingi zina kizazi cha 8, lakini zipo zilizotoka kiwandani na i5-7300U, na Lenovo ThinkPad T480 ina kasoro hiyo hiyo. Stika ya nje na jina la modeli havitoshi. Mwambie muuzaji aiwashe, fungua msinfo32 mbele yake, ndipo mzungumze bei.

Kwenye dirisha hilo hilo tazama "BIOS Mode": inapaswa kusoma UEFI, mtindo mpya wa BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Kisha bonyeza tena Windows na R, andika tpm.msc kuiona TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai, na uangalie "Specification Version", inatakiwa 2.0. Ukiambiwa TPM haipatikani na prosesa yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi, usikate tamaa, mara nyingi imezimwa tu ndani ya BIOS. Kwa Intel huitwa PTT, kwa AMD huitwa fTPM. BIOS ya HP huingiwa kwa F10, Dell F2, ThinkPad F1, ukibonyeza mara tu mashine inapowaka.

Kabla hujagusa BIOS, hakikisha diski haijafungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data zote za diski. Tafuta "Manage BitLocker" au "Device encryption". Kama imewashwa, nakili ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, au sitisha ulinzi kwa muda. Ukibadilisha mipangilio ya TPM bila kufanya hivyo, unaweza kukutana na skrini ya buluu inayodai tarakimu hizo, na bila tarakimu hakuna fundi atakayekufungulia faili zako.

"BIOS Mode" ikisoma Legacy, maana yake aliyeweka Windows aliiweka kwa mtindo wa zamani. Ukienda moja kwa moja kubadilisha BIOS kuwa UEFI, kompyuta haitaiona Windows yako. Geuza diski kwanza. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri) kama msimamizi, uandike:

mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS

Ikikubali, rudia amri ukiweka /convert badala ya /validate. Baada ya hapo ndipo uingie BIOS, uchague UEFI na uwashe Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizoaminika wakati mashine inawaka. Amri hukataa pale diski inapokuwa na vipande vikuu (primary partitions) zaidi ya vitatu, jambo la kawaida kwa mashine zilizogawanywa C, D na E. Hamisha vitu vya kipande kimoja, kifute, ujaribu tena.

Kisha andika kazi unazofanya

Usiandike programu zilizomo ndani ya kompyuta, maana nusu yake huzitumii. Andika ulichofanya mwezi uliopita: barua, hesabu, kuchapa, picha, mahesabu ya duka. Kila kinachofanyika ndani ya kivinjari, yaani barua pepe, benki, Google Docs, WhatsApp Web, kitakwenda bila shida kwenye mfumo wowote. Ila QuickBooks ya kwenye kompyuta, Tally, Photoshop na AutoCAD hazina toleo la Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na ujanja wa kuziendesha kwa nguvu humchosha mtu anayezitegemea kwa riziki. Ikiwa mojawapo ndiyo mkate wako, Linux iondoe kwenye mjadala.

Faili za Excel zenye makro, yaani amri zinazojiendesha ndani ya faili, nazo ni mtego. LibreOffice, programu ya ofisi utakayoikuta kwenye Linux, inazifungua, lakini makro mara nyingi zinakwama katikati, tena bila kelele. Mhasibu wa Kenya anayejaza fomu za Excel za iTax, mfumo wa kodi, kila mwezi asihame kabla hajazijaribu kwa mkono wake.

Halafu printa. HP na Epson zenye matangi ya wino kwa kawaida hukubali Linux. Canon LBP2900, ile ndogo iliyojaa kwenye stesheneri zetu, hutumia lugha yake yenyewe iitwayo CAPT na ni msumbufu kweli kweli. Kwa mwenye stesheneri, hilo peke yake linatosha kumzuia.

SSD kabla ya yote

Kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, usipandishe wala usihamie chochote kabla ya kuitoa na kuweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi. Windows 11 juu ya diski hiyo ni mateso: ukurasa wa "Disk" ndani ya Task Manager unakaa asilimia 100 na mtu analaumu mfumo. SSD ya GB 240 au 256 inatosha kazi za ofisi. Angalia tundu lake kwanza, kwa sababu M.2 ya SATA na M.2 ya NVMe zinafanana kwa umbo lakini si kila laptopu inapokea zote mbili. RAM GB 4 ndicho kiwango cha chini kwenye karatasi; kwa matumizi ya kweli weka 8.

Ukikubaliwa: panda hadi 11

Hii ndiyo njia rahisi na ni bure kwa mwenye Windows 10 halali. Faili la ISO, yaani Windows 11 nzima ndani ya faili moja, ni zaidi ya GB 5, hivyo kwa nyumba au ofisi yenye kompyuta kadhaa lipakue mara moja kutoka tovuti ya Microsoft, liweke kwenye flashi au diski ya nje, ulitumie kwa zote. Bando litakushukuru. Flashi iwe imefomatiwa NTFS au exFAT, kwani FAT32 haibebi faili moja linalozidi GB 4.

Sasa kosa linalowapata wengi, hasa wenye laptopu zilizotoka ofisi za Uingereza. Windows yao ni ya "English (United Kingdom)". Ukipakua ISO ya "English (United States)", ukurasa wa kuchagua cha kuhifadhi utakunyima nafasi ya kubaki na programu zako. Kabla ya kupakua, andika kwenye Command Prompt ya msimamizi: dism /online /get-intl. Soma "Default system UI language". Ikiwa en-GB, pakua "English International". Ikiwa en-US, pakua ya Marekani.

Acha angalau GB 30 wazi kwenye C. Chomoa flashi nyingine na printa, zima antivairasi isiyo ya Microsoft, unganisha chaja, na betri iwe imejaa kwa ajili ya umeme kukatika. Bofya faili la ISO mara mbili, endesha setup.exe, chagua "Keep personal files and apps". Kama setup inarudi nyuma na kuonyesha 0xC1900101, tatizo karibu kila mara ni draiva, programu inayokiendesha kifaa: sasisha za kadi ya picha na Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kisha rudia. Windows ya biti 32 haipandi hata kwa dawa. Lazima usakinishe upya.

Usipoipenda, una siku 10 za kurudi, kupitia "Recovery" kwenye Settings. Usifute folda ya Windows.old, yenye Windows yako ya zamani, kabla ya hapo kwa tamaa ya nafasi.

Neno juu ya uhalali. Laptopu nyingi za ofisi zilizouzwa na Windows 10 zina ufunguo halali ndani ya BIOS, lakini unakuta duka limeweka Windows iliyokrakiwa juu yake. Hakuna sababu ya kubaki na kraki kwenye mashine iliyokwisha kulipiwa. Ukisakinisha upya toleo lile lile lililouzwa nayo, Home au Pro, leseni itajithibitisha yenyewe ikipata intaneti.

Ukikataliwa na kazi yako inataka Windows

Jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza uitwao ESU. Kwa watu binafsi unatoa masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta iwe na toleo la 22H2 (hakiki kwa amri ya winver), kisha nenda Settings, "Update & Security", "Windows Update", ufuate kiungo cha kujiandikisha. Unaweza kulipa dola 30 mara moja, au kutolipa kitu ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Leseni moja inabeba hadi kompyuta 10 za akaunti hiyo. Huu ni muda wa kukusanya pesa ya mashine nyingine. Usiuchukulie kama makazi.

Usichanganye na jambo jingine: Office 2016 na 2019 nazo zilikoma siku ile ile ya Oktoba 2025. Kuziba mfumo huku unafungua viambatisho vya barua pepe kwa Word ya 2016 ni kufunga mlango na kuacha dirisha.

Mafundi wengi watakupa njia ya tatu: kulazimisha Windows 11 kwa flashi iliyotengenezwa na programu iitwayo Rufus, inayoruka ukaguzi wa TPM na prosesa. Inafanya kazi. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na toleo jipya la kila mwaka haliletwi lenyewe. Inabidi ulipakue na kulilazimisha tena. Tangu toleo la 24H2 la Windows 11, prosesa za zamani sana zisizo na maagizo ya POPCNT haziwaki kabisa. Kwa mashine ya michezo ya watoto, sawa. Kwa kompyuta yenye hesabu za duka, hapana.

Ukikataliwa na kazi yako haihitaji Windows

Hamia Linux Mint. Zipo nyingine nzuri, ila mtu aliyezoea Windows ataikuta menyu ya Mint pale pale kona ya chini kushoto. Matoleo ya 22 yanasaidiwa hadi 2029. Mint huja kwa sura kadhaa: chukua Cinnamon kama una RAM GB 4 au zaidi. Chini ya hapo chukua Xfce, iliyo nyepesi zaidi. ISO ni kama GB 3, na flashi ya GB 8 inatosha. Iandike kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher, ukijua kwamba vyote vilivyomo kwenye flashi vitafutika.

Washa kompyuta kwa flashi hiyo (HP F9, Dell na Lenovo nyingi F12) na uitumie hivyo hivyo bila kusakinisha kwa siku nzima. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwangaza, printa. Funga kifuniko, fungua, uone kama inaamka. Wi-Fi isipoonekana, mara nyingi ni chipu ya Broadcom: unganisha simu kwa waya wa USB, washa ushirikishaji wa intaneti, fungua "Driver Manager" na uweke draiva inayopendekezwa.

Kuhusu nakala: D si nakala rudufu. Kwenye laptopu nyingi D ni kipande cha diski ile ile, na ukichagua "Erase disk" kwenye usakinishaji, C na D vinaondoka pamoja. Nakili kwenye diski ya nje, kisha fungua faili tatu nne kwenye kompyuta nyingine kuhakikisha zinasomeka.

Kwa barua na hesabu utatumia LibreOffice. Nyaraka za Calibri na Cambria huonyeshwa kwa fonti za Carlito na Caladea, zenye vipimo sawa, hivyo kurasa hazihami sana. Unapotuma kitu chenye jedwali au muhuri, tuma PDF.

Ukitaka kubaki na mifumo yote miwili kwa kipindi cha mpito, zima kwanza "Fast Startup" ndani ya Windows (Control Panel, "Power Options"). Bila hivyo Windows haizimiki kikamilifu na Linux itasoma diski yake bila kuruhusiwa kuandika. Punguza kipande cha C ukiwa ndani ya Windows yenyewe, kwa "Disk Management", uiachie Mint GB 50 au zaidi. Na usishangae ukirudi Windows ukakuta saa iko nyuma kwa saa tatu kamili: Linux huandika saa ya UTC, ile ya kimataifa, kwenye ubao mama, Windows huisoma kama saa ya Afrika Mashariki. Ukiwa ndani ya Mint, fungua Terminal uandike timedatectl set-local-rtc 1, na saa zitalingana.