Kumchunga mgonjwa aliyetulizwa kwa dawa wakati wa endoskopia (uchunguzi wa tumbo kwa kamera)

Kabla dawa ya kutuliza haijaingia mshipani, ateuliwe muuguzi mmoja wa kumchunga mgonjwa na asipewe kazi nyingine, kwa kuwa macho ya daktari yatakuwa kwenye picha ya tumbo. Yeye ndiye aulize mgonjwa alikula nini na lini: tangu mlo mwepesi ziwe zimepita saa 6, na tangu maji matupu saa 2. Hapa Mombasa ni afadhali kutaja vitu vyenyewe, yaani mahamri, muguka na chai ya maziwa, maana wapo wasioihesabu chai kuwa chakula. Aulize pia kama hukoroma na kukatika pumzi usingizini.

Kipima oksijeni cha kidoleni huweza kusoma vibaya penye rangi ya kucha au piko, kwa hiyo mama aliyetoka harusini na vidole vyeusi awekewe kipimo cha ndewe ya sikio. Shinikizo la damu lipimwe kabla ya dawa, kisha kila dakika 5, na liandikwe.

Hata hivyo, cha kuangaliwa zaidi ni pumzi. Oksijeni katika damu hushuka baada ya pumzi kupungua, na mgonjwa anayepewa oksijeni puani aweza kuacha kupumua kwa muda huku kipima oksijeni kikionyesha asilimia 98. Basi muuguzi atazame kifua kikipanda na kushuka. Kapnografia, yaani mashine ya kupima kaboni dioksidi katika pumzi, ikiwepo itumike, kwani huonyesha kila pumzi inayotoka. Amwite mgonjwa mara kwa mara: asiyeitikia mpaka aumizwe amezama mno, na dawa isiongezwe.

Pumzi ikikatika, amwite kwa sauti na kumtikisa, ainue kidevu, asukume taya mbele, aongeze oksijeni. Isiporudi, daktari achomoe kamera na mgonjwa apumuliwe kwa mfuko na barakoa. Zipo dawa za kupinga zile za kutuliza na za maumivu: flumazenili huondoa nguvu ya midazolamu, dawa ya kutuliza, na naloksoni huondoa ya fentanili na pethidini, dawa za maumivu. Propofoli, dawa nyingine ya kutuliza, haina dawa ya kuipinga. Flumazenili na naloksoni zaweza kuisha nguvu kabla ya zile zinazopingwa, hivyo aliyepewa achungwe kwa saa 2 zaidi.

Kamera ikitoka uangalizi usilegezwe, kwa sababu usumbufu uliokuwa ukimzindua mgonjwa umekwisha na anaweza kuzama tena. Aruhusiwe akiwa macho kabisa, mikononi mwa mtu mzima, na asiendeshe gari kwa saa 24. Anayevuka feri kwenda Likoni asiachwe peke yake, wala asipakiwe kwenye bodaboda.