Ibada ya nyumbani iwe kabla ya kupakua chakula

Kama ibada ya familia kwenu imelala, ihamishieni kabla ya chakula cha jioni. Watoto wakishashiba ugali wanasinzia, na baba naye anavizia taarifa ya habari. Sufuria ikishaepuliwa na kufunikwa, kaeni. Dakika kumi zinatosha kabisa.

Anzeni na Injili ya Marko. Ndiyo fupi kuliko zote nne, sura 16 tu, na mambo yake yanakwenda mbio: mara mgonjwa anateremshwa na godoro lake kupitia tundu la dari, mara dhoruba ziwani na Yesu amelala mashuani, kichwa juu ya mto. Kisa kimoja kwa jioni moja. Asome mtoto, na akikwama msimharakishe. Mdogo asiyejua kusoma achague pambio. Dada wa kazi naye aketi, zamu ya kusoma imfikie, asiachwe jikoni akisugua masufuria.

Halafu wazazi, sala isigeuzwe kikao cha nidhamu. "Ee Bwana, mguse huyu Neema aache uvivu wa kuosha vyombo!" Hapo mtoto anasikia fimbo tu, hata kama mmefumba macho wote. La vyombo mmalizane naye pembeni. Kwenye sala kila mmoja ataje jambo moja la kwake: mtihani wa hesabu, bibi anayeumwa, mpira uliopotea. Nanyi wazazi msijifiche, semeni lenu, hata kama ni kodi ya nyumba.