Mpira mwekundu chini ya mkwaju

Mvua za kwanza zikishalowesha udongo wa Dodoma, kwenye Desemba hivi, chini ya mkwaju wangu hapa Miyuji huchomoza mashina manene, na juu ya kila moja ua jekundu la duara, kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga. Ukilikaribia unaona ni vijiua vingi vilivyoshikana, hufika hata 200. Wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Wanangu huliita mpira.

Vitunguu vyake nilivichimba Iyumbu, kwenye kiwanja cha shemeji yangu, siku moja kabla greda halijapita. Tafuta hivyohivyo: kiwanja kinachosafishwa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Vya porini viache vilipo.

Chimba majani yakishakauka, kati ya Julai na Oktoba, na uingize jembe mbali kidogo ili usikate mizizi. Udongo wetu wa kichanga unafaa. Mimi huongeza samadi ya mbuzi iliyooza kabisa, nusu debe kwa kila debe la udongo. Shingo ya kitunguu iachwe ikichungulia. Mahali pazuri ni penye jua la asubuhi tu, kisha kivuli.

Kiangazi ndipo watu wengi wanapoviua. Mwaka wa kwanza niliviona vikavu nikavihurumia, nikamwagilia Julai yote. Kati ya vitunguu kumi, vinne vilioza. Majani yakianza kuwa ya njano, kata maji kabisa hadi mvua irudi. Nimepanga mawe kuzunguka mti ili hata maji ya kufulia yasimwagwe pale.

Mmea wote una sumu, na kitunguu ndicho hatari zaidi. Usikiweke jikoni hata kwa saa moja, mtu asije akakidhania cha kupikia. Mbuzi nao wazuie. Mimi nimezungushia matawi ya miiba. Ukishika, nawa mikono.

Ukitaka kuotesha mbegu, subiri matunda yawe mekundu, ondoa nyama, osha, kisha zilaze juu ya mchanga wenye unyevu bila kuzifukia. Ua utalisubiri miaka mitatu, pengine mitano. Miche yangu minne ina mwaka wa pili sasa, majani mawilimawili.

Vile vya Iyumbu sijavihamisha tena, kwa sababu vikisongamana ndipo vinachanua vizuri. Msimu uliopita nilihesabu mashina tisa.