Kurekodi nyimbo bila jukwaa wala spika kwenye tamasha la Bagamoyo

Tamasha la sanaa linapofanyika katika viwanja vya TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), vikundi vingi hupanda jukwaani kwa dakika chache tu, spika zikiunguruma. Kazi inayoelezwa hapa hufanyika pembeni: kukichukua kikundi saa chache kabla au baada ya onyesho, kukiketisha mahali patulivu na kurekodi wimbo mmoja au miwili kwa sauti zao wenyewe. Picha yenye kasoro kidogo mtazamaji ataivumilia. Sauti iliyoharibika haiokoleki, kwa hiyo kila uamuzi uanze na sikio.

Mahali na saa

Nenda siku moja kabla, saa ileile utakayorekodi. Vaa hedifoni zilizounganishwa na maiki, simama kimya dakika kumi. Maiki husikia yale ambayo masikio yameshazoea: jenereta ya vibanda vya chakula, friji ya soda, bodaboda, na kunguru. Kunguru wa Pwani hurudi kulala jioni kwa makelele, hivyo kivuli cha mwembe kilichokuwa kizuri saa kumi huenda kisifae kabisa saa kumi na mbili.

Ulizia pia nyakati za adhana. Kati ya alasiri na magharibi ndipo pana nafasi ndefu na mwanga mzuri. Panga kumaliza saa kumi na mbili kasorobo. Kumwambia msanii aendelee kuimba wakati wa adhana ni utovu wa adabu, na rekodi yenyewe haitafaa.

Ufukweni tazama maji. Yakijaa, mawimbi huvunjika karibu na kuifunika sauti ya zeze, yakipwa, kunatulia. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo hesabu ya jana usiitumie leo. Ufuo wa Bagamoyo unatazama mashariki: msanii akiipa bahari mgongo, asubuhi jua liko nyuma yake na uso wake unakuwa giza, jioni liko nyuma ya kamera. Subiri mpaka lishuke nyuma ya miti na majengo ya mji, asije akakunja macho wimbo mzima.

Ndani ya ua wa nyumba ya mawe, piga kofi moja. Ukisikia sauti ikirukaruka haraka kati ya kuta mbili, tandika majamvi sakafuni, ning'iniza mablanketi mawili mazito nyuma ya kamera, na waketishe wasanii kimshazari, wasielekee ukuta moja kwa moja. Kwenye majengo ya kale kama Caravanserai au magofu ya Kaole, pata ruhusa ya wasimamizi mapema. Kibali cha kupiga picha za filamu hutolewa na Bodi ya Filamu, na droni ina kibali chake cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga.

Makubaliano

Zungumza na kiongozi wa kikundi, si kijana wa kwanza unayemkuta amebeba ngoma. Toa shikamoo, kaa chini, eleza kazi itakwenda wapi na malipo ni kiasi gani. Andika karatasi moja kwa Kiswahili: jina la wimbo, mtunzi, majina ya wapigaji kama wanavyoyaandika wao, na matumizi yaliyoruhusiwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watunzi na pia wanaoimba na kupiga. Pakiwa na utata, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiyo pa kuuliza. Yote haya yaishe kabla kamera haijatolewa mkobani.

Maiki

Hapa ndipo wengi huharibu. Chukua ilimba ya Wagogo, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Ule mvumo unaotetemeka juu ya kila noti hutoka kwenye utando wa buibui uliobandikwa juu ya matundu ya chombo. Fundi asiyejua hudhani ni sauti inayopasuka, akaanza kuupunguza, na akimaliza ameondoa nusu ya muziki. Weka maiki sentimita 30 hadi 40 juu ya vyuma, kwa mshazari. Usiielekeze kwenye tundu, kwa sababu uzito wa sauti za chini utameza noti za juu. Tyuni yake usiinyooshe baadaye kwa programu: mpigaji ameipanga kwa sikio lake na sauti za wenzake.

Zeze linataka sentimita 40 au 50, maana ukikaribia zaidi utapata mkwaruzo wa uta kuliko wimbo. Udi, sentimita 30, maiki ikielekea shingo inapokutana na tumbo. Mwimbaji, sentimita 30 hadi 50, kidogo juu ya usawa wa mdomo.

Kati ya maiki na maiki shika kanuni ya moja kwa tatu: kama ya mwimbaji iko sentimita 30 kutoka mdomoni, ya pili iwe angalau sentimita 90 kutoka kwa hiyo ya kwanza. Zikikaribiana, sauti moja inaingia mara mbili kwa kuchelewana na kuwa nyembamba, kana kwamba inatoka bombani. Ngoma iwe nyuma ya maiki ya mwimbaji, upande isikosikia, tena mita mbili mbali na wengine.

Kikundi cha watu sita na zaidi tunapendelea kukirekodi kwa maiki mbili tu, vichwa vikiachana sentimita 17 kwa pembe ya nyuzi 110, mita mbili mbele yao. Ukitaka ngoma ipungue, msogeze mpigaji, usikimbilie vitufe. Kila maiki ivae manyoya ya kuzuia upepo, hata siku inayoonekana shwari.

Rekodi kwa 48 kHz na biti 24, vilele vikigusa dB -12. Kwenye majaribio waombe wapige sehemu yenye nguvu kuliko zote, kisha shusha kidogo, kwani wimbo ukikolea wote huongeza.

Kamera

Kamera tatu zinatosha: moja pana isiyosogea, moja ya mikono, moja ya nyuso. Zote zikae upande mmoja wa wasanii. Weka fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na shata 1/60 huleta mistari inayotambaa chini ya taa. Pima mwanga kwa uso wa msanii, si kwa anga. Kamera iliyotoka chumba chenye kiyoyozi ikae mkobani dakika 30 kabla ya kuifungua, vinginevyo lenzi itafunga ukungu.

Wakati wa kurekodi

Unyevu hulegeza ngozi za ngoma. Wapigaji wakizipasha moto, wawe mbali na maiki, na kila kitu kiwe tayari ili zikirudi tu muanze. Zimeni simu. Kofi moja mbele ya kamera zote litawasaidia kulinganisha sauti na picha. Maiki ya kamera iliyo mita 10 huchelewa kama milisekunde 30. Rekodini mara mbili. Ya tatu huwa imechoka. Mwisho, kabla mtu hajainuka, rekodini dakika moja ya ukimya wa pale mahali, ya kuzibia viungo wakati wa kuhariri.

Mafaili

Kwa 100 Mbps, saa moja hula GB 45 kwa kila kamera. Nakili kwenye diski mbili usiku huohuo, fungua kila faili ulione likicheza, zibebwe na watu wawili tofauti, kisha ndipo ufute kadi. Nakala ya kikundi iweke kwenye flashi na uikabidhi kabla basi lao halijaondoka. Ukiituma kwa WhatsApp kama video ya kawaida itabanwa, na mvumo wa ilimba ndio wa kwanza kupotea.