Oili ya pikipiki: soma mgongo wa chupa kabla ya kuuliza bei

Kwenye gari la kawaida, injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Kwenye Boxer, TVS au Toyo, oili ileile inalainisha pistoni, inapita kwenye gia na kulowesha pleti za klachi. Ndiyo maana oili nzuri kabisa ya gari inaweza kukuharibia pikipiki.

Geuza chupa utafute maandishi JASO MA au MA2, alama za kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki. Maana yake oili imepimwa na haitelezeshi klachi inayoloa. MA2 inashika zaidi ya MA, na zote mbili zinafaa. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu, kwa hiyo iache. Oili nyingi nyepesi za gari, kama 0W-20 na 5W-30, zina kemikali za kupunguza msuguano ili gari linywe mafuta kidogo. Ukizitia kwenye pikipiki, pleti zinateleza. Utaijua siku unapopandisha Kibosho na abiria wawili: unafungua mafuta, injini inalia, mwendo hauongezeki. 15W-40 ya malori haiui klachi papo hapo, lakini bila alama ya JASO hakuna anayekuhakikishia lolote. Chupa ya 2T usiiguse kabisa. Ni ya kuchanganya na petroli.

Kisha uzito, yaani ugumu wa oili kutiririka. Namba ya kwanza, yenye W, ni tabia ya oili ikiwa baridi. Ya pili ni uzito wake injini ikishachemka, nyuzi 100. Anza na namba iliyo kwenye kitabu cha pikipiki. Kikiruhusu zote mbili, 10W-40 inafaa sana Arusha, maana asubuhi za Julai inawahi kufika juu kwenye valvu. Kwa joto la Moshi na kazi ya kupandisha mizigo Marangu kwa gia ya kwanza na ya pili, chagua 20W-50. Injini hizi zinapozwa na upepo, na mwendo ukiwa mdogo upepo nao ni mdogo. Lakini kama kitabu kinataka 10W-30, usitie 50 ukidhani nzito ndiyo imara. Vilevile oili nzito haitibu ringi zilizokwisha. Inapunguza moshi wa bluu kwa muda tu.

Nunua chupa ambayo pete ya kifuniko haijakatika, na imimine mwenyewe au mbele ya macho yako. Ikiisha, toboa chupa, isije ikajazwa oili chafu iliyochujwa.

Kubadilisha: washa injini dakika 3 ili oili ilegee, zima, simamisha pikipiki wima, fungua nati ya chini. Safisha chujio la waya kama lipo, na weka washa mpya (pete bapa inayokaa chini ya nati). Usikaze kwa hasira. Kava ni aluminiamu na uzi wake hukatika kirahisi. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 huchukua karibu lita 1, kwa hiyo mimina pungufu kwanza. Washa dakika 2, zima, ngoja dakika 3, ndipo upime. Nyingi zenye kijiti cha kupimia hupimwa bila kukizungusha kifunge. Usipitishe alama ya juu: oili ikizidi inapigwa povu na kutapikwa hadi kwenye chujio la hewa.

Pikipiki mpya ibadilishwe mapema, kati ya kilomita 500 na 750, kwa sababu vyuma vipya vinasagana. Baada ya hapo, kwa bodaboda anayetumia oili ya kawaida, kilomita 2,000 ni kipimo salama. Ukitembea kilomita 100 kwa siku, hizo ni siku 20 tu. Gia zinaikata oili uzito haraka kuliko kwenye gari, hata kama kwa macho inaonekana bado. Weusi peke yake si ugonjwa, ni uchafu ulioshikwa. Rangi ya maziwa ndiyo ya kuogopa: maji yameingia, na ibadilishwe siku hiyohiyo.

Oili chafu mpelekee fundi au anayepaka mbao dhidi ya mchwa. Isimwagwe mferejini, maji hayo yanakwenda kwenye migomba na mboga za watu.