Namna ya Kuwatafuta Mababu wa Ukraine katika Vitabu vya Kale vya Kanisa

Wengi wanaotafuta mababu zao wa Ukraine huanza na jina la ukoo, na hapo ndipo kazi inapowaharibikia. Vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi viliandikwa parokia kwa parokia, mwaka kwa mwaka, hivyo asiyejua kijiji atapekua nyaraka za jimbo zima asiambulie kitu.

Kwa hiyo anza na kijiji, na kitafute kwanza katika nchi ambayo babu alihamia. Angalia cheti chake cha ndoa ya kanisani, hati za uraia, barua na maandishi ya kaburini. Usishangae ukikuta ameandikwa kuwa Mwaustria, kwa sababu Galisia, eneo ambalo sehemu yake iko magharibi mwa Ukraine ya leo, ilikuwa chini ya Austria tangu 1772 hadi 1918. Andika na jina la wilaya pia, maana vijiji vyenye jina moja ni vingi.

Hatua ya pili ni kujua kijiji hicho kilikuwa chini ya dola gani na kanisa gani. Huko Galisia Waukraine wengi walikuwa Wakatoliki wa madhehebu ya Kigiriki, yaani walio chini ya Papa lakini wanaofuata ibada ya Mashariki, na tangu amri ya Mfalme Joseph II ya 1784 mapadri waliandika kwa Kilatini katika safu zilizochorwa, ikiwemo safu ya namba ya nyumba. Upande wa Urusi Waorthodoksi waliandikwa kwa Kirusi, na nakala ya kila kitabu ilipelekwa kwenye konsistori, yaani ofisi ya askofu. Nakala hiyo imeokoa utafiti mwingi pale ambapo kitabu cha parokia kilipotea.

Ukishajua hayo, tafuta kitabu chenyewe. Vitabu vya Wakatoliki wa Kigiriki wa jimbo la Lviv vimo katika Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Kihistoria ya Lviv, fondi 201. Vya konsistori ya Kyiv vimo katika Hifadhi Kuu ya Nyaraka za Kihistoria ya Kyiv, fondi 127. Kila jalada hutambuliwa kwa namba tatu, yaani fondi (mkusanyo wa nyaraka), opisi (orodha ndani ya mkusanyo huo) na sprava (jalada lenyewe), nazo uziandike pamoja na namba ya ukurasa kila unapopata kumbukumbu, la sivyo utarudia kazi ileile mwakani. Picha za vitabu vingi hupatikana bure katika tovuti ya FamilySearch.

Kusoma ndiko kunakohitaji subira. Katika kitabu cha Kilatini utakuta mtoto ameitwa Basilius, ilhali nyumbani aliitwa Vasyl. Gregorius ni Hryhorii. Tarehe ikiandikwa «7bris» si Julai bali ni Septemba, kwa kuwa septem ni saba kwa Kilatini. Vivyo hivyo «8bris» ni Oktoba na «Xbris» ni Desemba. Nimeona matawi mazima ya ukoo yakipangwa vibaya kwa kosa hilo moja. Katika vitabu vya Urusi tarehe hufuata kalenda ya Julius, ambayo katika karne ya 19 ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 12.

Kumbukumbu ya ubatizo ya Waorthodoksi humtaja mama kwa jina lake na la baba yake, wala haitaji ukoo aliozaliwa. Ili uupate, rudi nyuma mwaka mmoja mmoja katika sehemu ya ndoa, ambako bibi harusi huandikwa ni binti wa nani, ana umri gani na hiyo ni ndoa yake ya ngapi. Huko Galisia mambo ni mepesi zaidi, kwani katika vitabu vingi vya karne ya 19 wazazi wa mama nao wametajwa.

Jambo la mwisho nililijifunza kwa uchungu. Niliwahi kumkabidhi mteja majina ya vizazi vitatu, kisha nikagundua kwamba kijijini kulikuwa na wanaume wawili wenye jina moja na ukoo mmoja, na wake wao wote wakiitwa Maria. Kilichowatenganisha ni namba ya nyumba: mmoja aliishi nyumba ya 14, mwingine ya 61, na wasimamizi wa ubatizo wa watoto wao walikuwa watu tofauti kabisa. Ilinibidi nimwombe radhi mteja na kuanza upya. Tangu siku hiyo simwingizi mtu katika ukoo kabla sijalinganisha nyumba, wasimamizi na kumbukumbu ya kifo chake.