SOMO: Jinsi ya kwenda tour ya bagi Punta Cana bila kula vumbi la wenzio

Habari zenu wadau. Watu kama watatu wameniuliza inbox kuhusu zile picha zangu za tour ya bagi, nimejaa tope mpaka kwenye kope, kwa hiyo bora niandike mara moja hapa kila mtu asome. Bagi ni vile vigari vya wazi, havina vioo wala milango ya maana, juu vimezungushiwa mabomba ya chuma, matairi manene, vinaruka kwenye mashimo kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Punta Cana ipo Jamhuri ya Dominika, ncha ya mashariki kabisa ya kisiwa cha Hispaniola, upande wa pili wa kisiwa hichohicho ndo Haiti. Sisi tulioko Marekani wengi tunaangukia huko likizo maana sio mbali, ukitoka Miami ni kama masaa mawili na nusu tu angani.

Kabla ya yote mjue kitu kimoja ambacho wauzaji hawakwambii. Tour inauzwa kama masaa manne ya kuendesha. Sio. Mimi na wife tulipiga hesabu tukakuta usukani tulikaa nao kama saa moja na dakika ishirini hivi, muda mwingine wote ni kubebwa kutoka hotelini, kupanga foleni ya helmeti na kusimamishwa sehemu za kuuziwa vitu. Ukiwa unajua hilo mapema utaenjoi, usipojua utanuna safari nzima kama yule jamaa tuliyekuwa naye kwenye gari, alikasirika mpaka mkewe akahamia siti nyingine.

Hatua ya 1: Karatasi

Mwenye pasi ya Tanzania, Kenya, Kongo na kadhalika kwa kawaida anahitaji viza ya Dominika, ila ukiwa na viza halali au ukaazi wa Marekani, Kanada, Uingereza au nchi za Schengen unaingia kama mtalii bila kuomba viza yao. Angalia tu tarehe ya green card isiwe imekwisha. Halafu kuna fomu ya mtandaoni inaitwa e-tiketi, unajaza kabla ya kuingia na kabla ya kutoka, unapewa msimbo (code) wa QR. Ile fomu ni BURE. Narudia, bure, kuna tovuti zinajifanya za serikali zinachaji hela kwa kitu cha bure, jaza kwenye tovuti ya serikali yenyewe.

Hatua ya 2: Kubuku

Unaweza kubuku mtandaoni, kwenye dawati la hotelini au kwa wale vijana wanaopita beach na makaratasi ya picha. Dawati la hotelini ndo ghali zaidi, vijana wa beach ni rahisi ila likitokea la kutokea hujui pa kumpata. Mimi nilibuku mtandaoni siku tatu kabla, dola 60 kila mtu tukiwa wawili ndani ya bagi moja. Muulize muuzaji mambo haya na akujibu kwa maandishi: bei ni ya mtu au ya bagi nzima, usafiri wa hotelini upo, na bima ya chombo imo humo au mtaniuzia nikifika. Hili la mwisho ndo wanapokulia, sisi tulifika pale tukaambiwa bima dola 12 zaidi, ukikataa basi ukivunja kitu unalipa wewe.

Chukua ya asubuhi. Ya mchana jua linachoma, na kwenye miezi ya mvua mawingu yanapenda kufunguka mchana. Msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni mpaka mwisho wa Novemba, haimaanishi mvua kila siku, ila kabla hujalipa angalia kama hela inarudi wakiahirisha.

Hatua ya 3: Nguo

Vaa nguo ambayo ukiitupa haikuumi. Lile tope lina wekundu fulani halitoki hata kwa jiki. Kwa sisi tuliokulia barabara za vumbi tunajidanganya kwamba tumezoea, hapana, kwenye basi ulikuwa unafunga dirisha, hapa dirisha halipo. Viatu vya kufunga au vile vya majini vya mpira, ndala zinachomoka mguuni na kuingia chini ya pedali ya breki, usicheze na hilo. Beba miwani na kitambaa cha kufunga pua, ukisahau watakuuzia pale kwa bei ya kitalii. Simu iweke kwenye mfuko wa nailoni wa zipu. Beba na hela ndogondogo, dola moja moja na tano tano zinapokelewa vizuri tu, peso sio lazima.

Hatua ya 4: Pale kituoni

Unasaini fomu kwamba ukiumia ni juu yako. Kabla hujapanda zunguka bagi yako na simu, piga video ya mikwaruzo yote iliyopo, tairi, taa, siti, na yule kijana anayekukabidhi umpige naye aonekane. Dakika moja tu. Tuliporudi kuna familia ilikuwa inabishania bampa iliyopasuka na hawakuwa na picha hata moja, sijui waliishia wapi.

Jaribu mkanda kama unakaza. Jaribu breki hapohapo umesimama, ukikanyaga ikizama mpaka chini omba bagi nyingine na wala usione aibu, nyingi zimechoka zile.

Hatua ya 5: Nafasi kwenye msafara, HAPA NDO SOMO LENYEWE

Mnaenda kwa msafara, bagi kumi, kumi na tano. Mbele kuna muongozaji, yaani guide (jamani tusimwite gaidi, mtatufungisha airport), nyuma kabisa kuna mwenzie anayekusanya waliokwama. Wa mbele anakula upepo, wa nyuma wote mnakula vumbi la aliye mbele yenu, na kadiri unavyokuwa nyuma ndo unakula la watu wengi zaidi. Sisi tulikuwa bize na selfie tukajikuta wa kumi na mbili. Nilitema udongo mpaka jioni. Kwa hiyo wakisema pandeni, nyie muwe mmeshasimama karibu na bagi za mbele, na ukimsalimia yule kijana kwa heshima "buenos días" na kumuomba utakaa ya pili au ya tatu. Kiangazi, yaani kama Desemba mpaka Aprili, hili ni la lazima. Mvua ikiwa imenyesha vumbi halipo, ila aliye mbele anakurushia tope, chagua sumu yako.

Kuendesha kwenyewe sio kugumu. Nyingi ni otomatiki, gia unapanga ukiwa umesimama na mguu uko kwenye breki, H ni ya mwendo wa kawaida, L ni ya tope zito na kupanda. Watu wengi wanaingia dimbwi na H wanakanyaga mafuta, mara unasikia harufu ya mpira kuungua, ule ni mkanda wa ndani unaoendesha magurudumu unateketea, gari linalala hapo na msafara mzima unawasubiri. Weka L, ingia taratibu, ukishaingia usiachie mafuta katikati ya maji, endelea mdogo mdogo mpaka utoke.

Acha nafasi. Vumbi likiwa zito kiasi kwamba huoni taa za mbele yako, punguza, wala usione wanakuacha, huwa wanasimama njiapanda kusubiriana. Mashimo usiyakwepe ghafla kwa kukata usukani, mara nyingi bagi inapinduka kwa kukata kona kali kwenye mwendo kuliko kwa shimo. Na hili mlisikilize vizuri: ikianza kulala upande, mikono yote NDANI. Akili inakutuma utoe mkono au mguu kuizuia, ile chuma ina mamia ya kilo, mkono wako hauizuii. Shika usukani, abiria ashike kile kishikio cha mbele yake, mkanda ufanye kazi yake.

Kuna vipande mnakatiza barabara za kijiji. Kule wanaendesha kulia, sisi tuliokulia Tanzania na Kenya ubongo unaweza kukurudisha kushoto ukishtuka, hasa kwenye njia isiyo na mstari. Kuna pikipiki za abiria, wenyewe wanaziita motoconcho, ni bodaboda wetu kabisa, zinatokea popote zimebeba watu watatu na mtungi wa gesi. Na watoto wanatoka kupunga mikono, punguza mwendo hapo, lile vumbi mnalipeleka kwenye nguo walizoanika mama zao. Usiwarushie pipi wakakimbilia magurudumuni.

Hatua ya 6: Vituo

Cha kwanza ni nyumba ya kakao na kahawa. Mimi ni mtoto wa Kyela jamani. Nimekua nakanyaga maganda ya kakao uani kwa bibi, leo nimelipa dola 60 kuonyeshwa tunda la kakao, wazungu wote "wooow" na mimi nimesimama pale kama mgeni. Yule mama akapasua tunda akatupa zile mbegu zenye utelezi mweupe tunyonye, nikanyonya nikamwambia kwa Kihispania changu cha kuunga kwamba kwetu zipo, akacheka akanipa tunda zima. Ila uji wao wa chokoleti ni mtamu, hilo nawapa. Hapohapo wanaonjesha mamajuana, ni ramu, divai nyekundu na asali zimelowekwa kwenye magome ya miti na majani, wanaisifia kwa mambo ya nguvu za kiume, mnajua. Dereva usionje, una bagi ya kurudisha. Kununua sio lazima, sema "no, gracias" tabasamu pita.

Cha pili ni pango lenye maji. Maji baridi haswa, masafi ya bluu, ngazi zinateleza. Wataino, wenyeji wa kisiwa kabla Columbus hajafika 1492, walikuwa wanayatumia mapango ya huku. Unapewa kama dakika ishirini, kwa hiyo vaa nguo ya kuogelea chini kabisa tangu hotelini, usianze kutafuta pa kubadilishia.

Cha tatu ni ufukwe wa Macao. Huu ndo ulionifurahisha, sio kama kule mahotelini, mchanga mpana, mawimbi makubwa, watu wanajifunza kusafu (kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao), madafu, samaki wa kukaanga. Usiende mbali majini, mkondo unavuta. Miezi ya joto mwani wa kahawia unaweza kujaa pwani ya mashariki na unanuka, ni bahati yako.

Hatua ya 7: Kurudi

Kagueni bagi pamoja, onyesha video yako kama kuna ubishi. Kutakuwa na mpiga picha aliyekuwa anajificha vichakani, anauza picha zenu zote. Sisi alianza dola 40, tukaondoka taratibu kuelekea kwenye gari, ikafika 20. Muongozaji mpe chochote, sisi tulitoa dola 10 kwa wote wawili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Dallas: Mkuu leseni lazima? Mimi yangu ilifungiwa.

Jibu: Kwetu waliomba kitambulisho na kuuliza umri tu, dereva awe na miaka 18. Ila mkuu kama umefungiwa, kaa siti ya abiria. Likitokea la kutokea bima itakuuliza leseni kabla ya jina lako.

Dada wa Minneapolis: Assalam alaykum, mimi navaa hijabu, helmeti inakaa? Na huko pangoni lazima bikini?

Jibu: Waalaykum salaam dada. Vaa ile ya kuvuta kichwani isiyo na pini, pini chini ya helmeti zinachoma. Ncha zote chomeka ndani ya blauzi zisipepee. Pangoni kila mtu aliingia na alichovaa, wengine hawakuingia kabisa walikaa juu. Mamajuana ni pombe kama nilivyosema, omba uji wa chokoleti.

Mdau wa Goma, sasa yuko Ohio: Kaka, miye Kihispania sijue hata kidogo, tutasikilizana?

Jibu: Waongozaji wanaongea Kiingereza cha kazi. Na wewe una bahati kutuzidi, baadhi ya wauzaji kule Macao ni Wahaiti, wanaongea Krioli iliyotokana na Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa chako kinaweza kukushushia bei.

Mama wa wawili: Mdogo wangu ana mimba ya miezi minne anasema atakaa tu kama abiria.

Jibu: Hapana shem. Abiria ndo anarushwa zaidi maana hana usukani wa kushikilia. Wenyewe kwenye fomu wamekataza wajawazito na wenye matatizo ya mgongo au shingo. Aende Macao kwa teksi mkutane huko anywe dafu.

Mdau wa Toronto: Bima yangu ya safari si inatosha?

Jibu: Soma yale maandishi madogo. Nyingi zinatoa nje vyombo vya rafu rodi, na hata ikikubali ni kwa matibabu yako, bampa iliyovunjika haiwahusu. Dharura kule namba ni 911 kama Kanada.

Kijana wa Arusha: Bro, ile tisheti nyeupe ya kwenye picha ilikuja kutoka?

Jibu: Haijatoka. Wife anapigia deki.